Ehee ya Kwenye Simu

Amefeli. Si kwa alama moja, wala kwa bahati mbaya ya kuumwa siku ya mtihani. Amefeli masomo manne kati ya sita, akiwa mzima wa afya, kalamu mbili mfukoni na tumbo limeshiba. Chuo kikampa wiki tatu achague: arudie mwaka wa kwanza wa umeme, au afungashe virago.

Nyumbani walimwita Profesa tangu akiwa mdogo, kwa sababu alikuwa na paji la uso pana na hakuna swali lililomshinda. Ukimuuliza kwa nini mbwa hulala mchana, atakujibu. Kama jibu lenyewe ni la kweli, hilo ni jambo jingine. Alikuwa mtoto wa kwanza, na aliamini mtoto wa kwanza hasemi sijui. Tabia hiyo alikwenda nayo chuoni. Mhadhiri akiuliza, "Tumeelewana?" Profesa alitikisa kichwa kabla ya wote, tena kwa nguvu. Akitoka darasani, ameelewa sawasawa na dawati alilokalia.

Basi akampigia baba yake simu. Baba ni kinyozi, na kinyozi huyu hazimi mashine kwa ajili ya simu. Huibana begani akaendelea kunyoa.

"Baba, nimerudishwa mwaka wa kwanza."

"Umerudishwa wapi?" Mashine inanguruma.

"Mwaka wa kwanza! Nikae na wale wapya!"

"Wamekurudisha uwafundishe?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema hapana, baba. Profesa akatazama dari.

"Ehee," akasema.

Kule upande wa pili mashine ikazimwa. "Jamani!" akamsikia baba yake akiwatangazia wateja. "Mwanangu kapewa darasa!"

Yangeishia hapo kama Profesa asingekuwa na mdogo wake wa kike. Huyo walimwita Redio, maana tangu aanze kusema hajazimwa. Redio alikuwa amechaguliwa chuo kilekile, fani ileile. Wiki tatu zikiisha atakuwa amekaa darasani na daftari jipya, akimsubiri kaka yake aingie na chaki.

Wiki ya pili Profesa akakata shauri: anaacha chuo. Mwenzake wa chumbani alikuwa na mjomba mwenye duka la fotokopi, anayetafuta mtu wa kusimama kwenye mashine. Kazi safi, ya kivulini. Nyumbani atasema amepata ajira nono, ualimu kauacha kwa hiari yake. Uongo ulimkaa vizuri kama suti ya kushonesha. Kilichobaki ni kwenda nyumbani Jumamosi kuutoa.

Kibanda cha baba kilikuwa na kioo chenye ufa pembeni, viti viwili ambavyo kimoja tu ndicho kinachozunguka, na benchi la wanaosubiri. Siku hiyo benchini alikuwepo dereva wa lori, mtu mwenye kichwa kikubwa na sauti inayolingana nacho, pamoja na Redio, aliyemletea baba chai na hakuona sababu ya kuondoka.

"Mwalimu huyooo!" dereva akasema. "Shikamoo, mwalimu!"

"Mzee, usiniamkie. Mimi mwanao."

"Mwalimu hana utoto. Yule mtundu wangu nitakuletea umnyooshe."

Baba akakikung'uta kile kiti kinachozunguka. "Kaa hapa. Huwezi kuingia darasani na kichwa kama ufagio." Akamfunga shuka shingoni. "Masharubu nitayachonga kidogo tu."

Masharubu yale Profesa aliyalea mwaka mzima. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kimekua chuoni.

Baba akampaka povu, akashika wembe.

"Kaka," Redio akaita kutoka benchini, "mimi nimeanza kujisomea. Hivi volti na mkondo vina tofauti gani?"

"Utafundishwa."

"Si wewe ndiye utakayenifundisha? Anza hapahapa."

"Mfundishe, na mimi nisikie," dereva akadakia. "Betri ya lori langu inanitoa roho."

Profesa akafungua mdomo. Mwaka mzima aliisikia tofauti hiyo, na mwaka mzima aliitikisia kichwa. Akapekua kichwani, akakuta povu tupu.

"Vinafanana," akasema, "ila vinatofautiana."

"Hilo hata mimi ningejibu," dereva akasema.

Redio hakucheka. Alimtazama kaka yake kupitia kioo, macho kayafinya. "Kaka, hilo darasa umepewa kweli?"

Ule uongo wa fotokopi ulikuwa tayari ulimini. Lakini kioo kilimwonyesha baba yake amesimama, wembe umegusa masharubu, uso bado unang'aa kwa sifa za wiki mbili, anasubiri mwanawe ajibu. Profesa akaona kwamba akiitikia ehee nyingine, itambidi ailishe maisha yake yote.

"Hapana, baba. Sikupewa darasa. Nimefeli. Nimerudishwa nianze upya."

Mkono wa baba ukashtuka. Upande mmoja wa masharubu ukaenda na maji.

Dereva akainuka. "Mimi nitarudi jioni," akasema. Kisha akakaa tena, maana mambo yalikuwa yamenoga.

"Siku ile ulisema ehee," baba akasema taratibu.

"Nilisema."

"Nimenyoa watu bure kwa ile ehee yako."

Dereva akatazama viatu vyake. Alikuwa mmoja wao.

Baba akakizungusha kiti mpaka wakatazamana uso kwa uso. "Unataka kurudi chuo au hutaki? Na usiniitikie tu."

"Kuna kazi ya fotokopi mahali..."

"Sikukuuliza kuna nini. Nimekuuliza unataka nini."

Profesa akakumbuka siku moja maabara, alipounganisha nyaya kwa mkono wake mwenyewe na taa ikawaka. Aliizima akaiwasha, akaizima akaiwasha, mpaka akafukuzwa.

"Nataka kurudi," akasema. "Ila kukaa darasa moja na huyu..."

"Na mimi je?" Redio akaruka. "Unadhani naona raha kusoma na mzee wa darasa? Mimi ndiye nitakayechekwa! Na kaka sikuiti mle ndani, sahau. Halafu unakaa mbele, pembeni yangu. Ukienda kujificha nyuma nawatangazia wote."

"Na usipoelewa kitu?" baba akauliza.

"Nitasema sijaelewa," Profesa akanong'ona.

"Sauti!" dereva akafoka.

"Sijaelewa!"

"Umeona? Sasa tumekuelewa sote."

Baba akamnyoa upande uliobaki, akampaka spiriti kwa mkono mzito kuliko ilivyohitajika.

Wiki ya kwanza ya masomo mhadhiri akachora saketi ubaoni, akapangusa chaki mikononi. "Tumeelewana?"

"Ndiyooo!" darasa likajibu.

Shingo ya Profesa ikaanza kuinama yenyewe, kwa mazoea. Akaizuia, akanyoosha mkono.

"Sijaelewa, mwalimu. Volti na mkondo."

Mhadhiri akamkazia macho. Bila masharubu ilimchukua muda kumkumbuka. "Wewe si ulikuwa hapa mwaka jana, ukitikisa kichwa?"

"Nilikuwepo. Hata mwaka jana sikuelewa."

Darasa likaangua kicheko. Kicheko kikubwa kuliko vyote kilitoka kiti cha pembeni yake, na alikijua tangu utotoni. Mhadhiri akaeleza upya. Profesa akanyoosha mkono tena: bado. Mhadhiri akashusha pumzi, akafuta mchoro wote, akaanza na betri moja na taa moja. Safari hii kitu kikafunguka kichwani, na Profesa akageuka kwa furaha kumwambia mdogo wake. Redio alikuwa ameinamia daftari, anaandika mbiombio, hacheki tena. Kumbe naye alikuwa hajaelewa.

Gharama ya kuitikia ovyo ni hii. Mwaka mmoja. Masharubu, ambayo mpaka leo upande wa kushoto yamegoma kuota sawasawa. Vichwa kumi na viwili vilivyonyolewa bure, na cha dereva, kwa ukubwa wake, kihesabiwe mara mbili. Jina la mwalimu, alilolivaa wiki mbili. Na kuitwa kaka, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni: mle darasani Redio akitaka kuazima rula, humwita "we jirani".