Nyumba Isiyo na Jiwe

Asubuhi baada ya mazishi ya Rashidi, majirani walianza kuja kuchukua simu zao. Zilikuwa bado zimepangwa kwenye ubao wa kibanda chake cha kuchajia, kila moja na kikaratasi cha jina. Nyingine zilikuwa zimejaa, nyingine ziliishia nusu, kwa sababu paneli ya jua ilipasuka saa ileile kilipopasuka kichwa cha mwenyewe. Mjane wake, Mwanvita, alikaa nyuma ya mlango, amejitanda kitambaa cheupe, akazitoa moja moja. Watu walimpa pole. Shefu wa mtaa, Papa Modeste, aliwasha yake, akaona imejaa kabisa, akashukuru.

Katika mtaa ule wa Cimpunda umeme huja kama mgeni anayekataa kukaa, kwa hiyo wote walichaji kwa Rashidi: waliosema wakubwa wapya walioushika mji ni wokovu, na waliosema wakubwa wa zamani watarudi na kuna watakaolia. Pande hizo mbili hazikunywa tena kwenye baa moja. Kanisani kila upande ulikuwa na mabenchi yake. Hata maiti walizikwa na upande wao. Kwa Rashidi tu simu zao zililala bega kwa bega, na Rashidi, mtu wa Uvira, mwana wa wafanyabiashara, hakumuuliza mteja yuko wapi moyoni mwake.

Kisha ikaja Ijumaa moja, kabla ya adhuhuri, ujumbe wa sauti ukatumwa katika simu zote. Mwanamume asiyejitaja alisema kwamba mchaji simu wa Cimpunda hunyonya maneno ya watu kupitia waya na kumpelekea adui. Hakusema adui yupi, na hilo lilisaidia sana. Simu zilitetemeka pamoja kwenye ubao, kwa umeme wa Rashidi mwenyewe. Aliisikiliza sauti hiyo kwenye simu yake hadi mwisho, kisha akaendelea kupanga waya, maana foleni ilikuwa ndefu.

Watu walishuka hadi mto Kawa, wakaokota mawe, wakapanda. Ilikuwa kazi ya kwanza kwa miezi mingi ambayo pande zote mbili zilifanya pamoja. Kwenye ngazi nyembamba walipishana kwa adabu.

Siku ya tatu baada ya mazishi mawe yalirudi. Kila jiwe lilikwenda kwa aliyelitupa. Papa Modeste alikuta matatu: moja chini ya kitanda, moja kwenye kiti cha wageni, moja ndani ya kiatu cha misa. Aliyabeba akayatupa bondeni, na aliporudi nyumbani yalikuwa yamefika kabla yake. Wengine walipeleka ya kwao mpaka daraja la Ruzizi, wakayatosa mtoni. Hayo yalirudi yakiwa yamelowa, yakachafua sakafu, na wake zao wakalalamika kuhusu sakafu.

Wiki haikwisha watu wakawa wamezoea. Jiwe moja lilizuia mlango usipigwe na upepo. Jingine liliwekwa juu ya bati linalovuja. Mama Cibalonza, muuza sambaza, vidagaa vya ziwani, ambaye ukuta wake uligusana na ukuta wa Mwanvita, aliliweka lake juu ya mfuniko wa sufuria, kwa kuwa lilikuwa dogo na lilitosha vizuri.

Kilichobaki ni kueleza. Upande mmoja ulisema mawe yaliletwa na upande wa pili ili kuwachafulia watu jina. Upande wa pili ulisema vivyo hivyo. Aganze, mpwa wa Papa Modeste, aliyesoma miaka miwili ya chuo kikuu na kuacha, alieleza kwamba ilikuwa teknolojia ya nchi za nje na kwamba Ulaya wanayo tangu zamani. Hakuna aliyesema kwamba jiwe limemrudia kwa sababu alilitupa. Lilikuwa jambo jepesi mno, nalo halikuwa na adui ndani yake.

Halafu mtu akaona kwamba nyumba ya Mwanvita haina jiwe.

Mwanvita alikuwa katika eda. Kwa dini yake mjane hukaa nyumbani kwa mumewe miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ila kwa dharura. Hiyo ndiyo heshima ya mwisho aliyobaki nayo ya kumpa Rashidi, na hakutaka kitu kingine duniani ila kuimaliza chini ya bati lile. Lakini mtaa ulikuwa wa Wakatoliki, na mjane wao siku ya pili yuko sokoni. Waliona mlango umefungwa. Wakasema mtu hajifungii bure. Kuna anachokificha.

Papa Modeste aliitisha mkutano. Jioni ya kuamkia siku hiyo Cibalonza alikuja kwa Mwanvita na sahani ya sambaza. Alikaa, akaiweka chini kati yao.

“Maman Mwanvita,” alisema, “jiwe yangu iko kadogo. Haikumufikia hata.”

Mwanvita alimuuliza ilifika wapi.

“Ku mukono tu.”

Mwanvita alitazama sahani. Rashidi alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na alipooshwa, mkono huo ulikuwa umevimba kwenye kiwiko. Hakusema hayo. Alisema:

“Kesho useme vile umeniambia. Useme ulitupa, na bwana yangu hakufanya kitu. Mutu moja tu akisema, bataniacha nimalize eda yangu.”

Cibalonza alisema atasema. Alisema kwa moyo, na alipotoka alilia njiani. Majirani waliomwona walidhani sambaza zake zimeharibika.

Mkutano ulifanyika katika uwanja wa Papa Modeste, hatua chache nyuma ya chumba cha Mwanvita, na kwa kuwa nyumba za mteremko ule zimebanana kama meno, alisikia kila neno akiwa amekaa kwenye mkeka. Alisikia pande mbili zikibishana nani aanze kuongea. Alisikia sauti ya Aganze ikinyamazisha zote.

“Kila nyumba iko na jiwe,” alisema Aganze, “kwa hiyo jiwe haishuhudie kitu. Kuko nyumba moja tu haina. Sasa mwenye hana jiwe, njo anajua mawe inatoka wapi.”

Ukapita mnong'ono wa watu waliopata walichokuwa wakikitafuta. Pande zote zilikubali. Ilikuwa mara ya pili.

Papa Modeste, ambaye alipenda mambo yafanyike kwa haki, alitaka shahidi.

“Maman Cibalonza, weye njo unaingiaka mule. Ulishaona jiwe?”

Mwanvita aliweka kikombe chini ili asikie vizuri.

“Hapana, Papa,” alisema Cibalonza. “Sijaona.”

Lilikuwa neno la kweli, na la kwanza la kweli katika mkutano ule. Mwanvita alingoja liendelee. Halikuendelea. Benchi lililia kidogo, sauti ya mtu mnene anayekaa.

Papa Modeste alikuja mwenyewe kumpa habari, kofia mkononi. Alisema inabidi aondoke kabla ya Jumapili, kwa usalama wake. Alisema kilio ni kilio, hata akikimalizia Uvira. Alisema yeye binafsi alimheshimu sana marehemu, na kwamba simu yake haijawahi kujaa umeme namna ile tangu siku hiyo ya mwisho. Mwanvita alimuuliza kama naye alitupa. Papa Modeste alivaa kofia.

Cibalonza alikuja mara moja tena, jiwe likiwa ndani ya kitenge.

“Kamata yangu,” alisema. “Baone iko yako, bakuache.”

Aliliweka kizingitini. Lilikaa pale kwa muda wa salamu. Alipofika kwake alilikuta limeshatangulia, liko juu ya mfuniko wa sufuria mahali pake pa kawaida. Mwanvita alitazama kizingiti kitupu, akachukua ufagio, akakifagia.

Jumamosi aliondoka kwa barabara ya Kamanyola, kwenda Uvira kwa kaka yake Assani, kabla hata ya nusu ya eda. Hakuna aliyemtukana. Vijana wanne walimshushia godoro mpaka barabarani, wawili wa kila upande.

Nyumba alipewa Aganze. Alipofungua mlango, jiwe lake lilikuwa limeshafika, limekaa katikati ya chumba kama mpangaji. Sasa hakuna nyumba katika mtaa iliyokosa jiwe, na watu walisema usalama umerudi. Aganze alinunua paneli, akatengeneza ubao, akafungua kibanda upya. Simu zililala tena bega kwa bega. Wenye simu walirudi kwenye ugomvi wao wa wakubwa wapya na wakubwa wa zamani. Walimsifu Aganze kwamba umeme wake una nguvu. Baadaye walianza kuuliza nguvu hiyo anaitoa wapi.

Sauti ile ya mchaji simu ilikuja tena siku ya kawaida, watu wakiwa wanapika. Simu zilitetemeka pamoja kwenye ubao. Aganze aliisikiliza kwenye simu yake hadi mwisho, akatoka kibandani, akasimama akitazama njia ya kwenda Kawa, ambako watu wangepita wakishuka. Njia ilikuwa tupu. Alingoja, ikabaki tupu, akaanza kupumua vizuri.

Mara hii hakuna aliyehitaji kushuka Kawa. Mlango mmoja ulipigwa na upepo, kisha mwingine. Papa Modeste aliinama chini ya kitanda. Cibalonza alichukua lake dogo juu ya mfuniko, akafunika sufuria vizuri ili inzi wasiingie, akatoka.