Kadi Iliyobaki Mezani

Mtoto wa darasa la pili anajua kusema "yeye" tangu hajaota meno. Lakini mtaala unataka ajue kwamba anajua, na ndiyo maana mimi nina kazi.

Namna yangu ya kufundisha viwakilishi ilikuwa gumzo shuleni, nami nilijivuna nayo mno. Nina kadi sita za karatasi ngumu: MIMI, WEWE, YEYE, SISI, NINYI, WAO. Nainua kadi, namnyooshea mtu mkono, natunga sentensi, na darasa zima linaitikia mara tatu. Sharti ni moja tu: usimtaje mtu bila kumnyooshea mkono. Mtoto akikinyooshea kiti na kusema "yeye ni kiti," wenzake huangua kicheko, nami husema, "Kiti si mtu. Yeye ni mtu." Hawasahau tena.

Kadi zile alizikata mama. Mama yangu amekuwa akifua nguo za watu tangu nikiwa mgongoni kwake, na kufua huko ndiko kulikonisomesha. Yeye mwenyewe hakukanyaga darasani hata siku moja. Mwaka huu, akiwa na mkasi mkononi, aliniambia kwa haya kama msichana, "Kitinda, hebu nionyeshe na mimi hayo madude yanasemaje." Mimi ni kitinda mimba wake, na sijawahi kumsikia akiniita jina jingine. Basi kila jioni, kabla ya kupika, tukawa tunakaa mezani. Alikuwa akifuata herufi kwa kidole kilichokunjamana kwa maji na sabuni, na akipatia neno alicheka peke yake.

Ningekuwa na akili timamu, ningetamba na mama huyo mji mzima. Lakini shuleni nilikuwa nimesema kwamba mama yangu ni muuguzi mstaafu. Nani alinituma? Hakuna. Siku yangu ya kwanza katika chumba cha walimu kila mtu alikuwa akitaja wazazi wake, huyu baba yake hakimu, yule mama yake mhasibu, na zamu yangu ilipofika ulimi ukanitangulia. Tangu hapo mwalimu mkuu hakuacha kuniuliza, "Muuguzi wetu hajambo?" Nami najibu hajambo, anapumzika. Sina hata mshipa wa aibu, utasema. Ninao, ila ulikuwa umelala.

Siku ya mkaguzi nilitoka nyumbani mbio. Mkaguzi ndiye angeamua kama nithibitishwe kazini au nirudi kuzurura na vyeti vyangu. Alikaa nyuma ya darasa na faili lake mapajani, mwalimu mkuu ubavuni pake. Nikaanza na MIMI, nikaenda WEWE, watoto hamsini na wawili wakaitikia mpaka madirisha yakatikisika. Nikaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta YEYE. Haimo. Nikapapasa tena.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa mama. Mikono ya gauni ameikunja hadi juu ya viwiko, povu la sabuni limemkaukia, ndala moja imefungwa waya, na pumzi zinampanda kwa kutembea haraka. Kadi ameishika kifuani kwa mikono miwili, maandishi yakitazama darasa.

"Imebaki mezani," alisema. "Nimeisoma, nikajua ni ya leo."

Hilo "nimeisoma" alilisema taratibu ili nilisikie vizuri. Alikuwa akitabasamu. Hakusema yeye ni nani kwangu. Alinionea huruma ya kuniachia mimi niseme.

Mkaguzi akafurahi kweli kweli. "Hiyo ni bahati! Mwalimu, mtumie mgeni huyo huyo. Haya, yeye ni nani?"

Nikamwona mwalimu mkuu akiitazama ile ndala. Nikanyoosha mkono. Mpaka leo naukumbuka ulivyonyooka, haukutetemeka hata kidogo.

"Yeye ni mfanyakazi wangu wa nyumbani," nikasema.

Na darasa langu, darasa nililolizoesha mwenyewe, likaitikia, "Yeye ni mfanyakazi wa mwalimu!" Mara ya kwanza mama alikuwa bado anatabasamu. Mara ya pili akaiangalia kadi, kana kwamba ameisoma vibaya. Mara ya tatu akaiweka polepole juu ya dawati la karibu, watoto wale wote wakiwa bado wamemnyooshea mikono.

"Nawaacha na kazi, mwalimu," akasema, akaondoka akiburuta mguu ili ndala isipige kelele.

"Sasa waandike sentensi hiyo," mkaguzi akaagiza. Wakaandika. Nikathibitishwa kazini siku hiyo hiyo. Mwalimu mkuu akanipa mkono na kuniambia kwamba wafanyakazi waaminifu kama yule ni adimu siku hizi. Nikasema asante. Ndiyo, nilisema asante.

Alasiri nilirudi nyumbani na rundo la madaftari. Mama alikuwa akipiga pasi mashati ya watu. Aliitikia salamu yangu, akaendelea. Nikaketi mezani na kalamu nyekundu, nikafungua daftari la kwanza, na mkono ukakataa. *Yeye ni mfanyakazi wa mwalimu.* Mwandiko mzuri, nukta mahali pake.

"Mama," nikaanza, "unajua yule mkaguzi..."

Aliweka pasi pembeni, akajifuta mikono, akaja kukaa mahali pake pa kila jioni. Akalivuta daftari. Kidole kikaanza safari yake juu ya mstari.

"Ye-ye ni m-fa-nya-ka-zi wa mwa-li-mu." Akainua uso. "Nimepatia?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na kalamu yangu.

"Umepatia, mama."

"Na mtoto naye kapatia. Mbona hujampa vema?"

"Mama, tafadhali."

"Mtoto ana kosa gani? Kaandika alichofundishwa. Mpe."

Akanisubiri. Nikaweka vema. Akavuta daftari la pili, akalisoma nalo mpaka nukta, akanisubiri tena. Tulifanya hivyo madaftari matano. Hakuwa akinikomoa, hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikuwa anataka kuhakikisha kwamba wote wameandika vile vile. Kwenye la tano alifunga kurasa na kusimama.

"Nisamehe, mama."

"Kazi wamekupa?"

"Wamenipa."

"Basi hongera."

Nikazipanga kadi mezani, zote sita, kama kila siku. Nikamwambia bado kuna mwanga, tusome kidogo. Alikuwa amekwisha kushika pasi.

"Leo nimechoka, mwalimu," akasema.

Mwalimu. Ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Asubuhi nilimwomba aje nami shuleni. Sikuzunguka mbuyu, nilimwambia nataka kusema ukweli mbele ya wale wale waliosikia uongo. Alikuwa akiloweka nguo. Alisema ana kazi za watu, na kazi za watu hazingoji. Nilimsihi mpaka nikachelewa.

Nilikwenda peke yangu. Nilianzia ofisini, nikamwambia mwalimu mkuu kwamba muuguzi mstaafu hayupo na hajawahi kuwapo, na kwamba yule wa jana ndiye mama yangu. Akasema kesi yangu na mkaguzi ataifikiria, lakini nikaseme kwanza darasani, na yeye atakuja kusikiliza.

Akasimama nyuma ya darasa. Nikainua kadi ya YEYE, nikaunyoosha mkono mlangoni, pale pale aliposimama mama jana.

"Jana niliwafundisha uongo," nikawaambia. "Fungueni madaftari, futeni ile sentensi. Yeye ni mama yangu mzazi. Anafua nguo za watu, na ndiye aliyenisomesha. Haya, semeni wote. Yeye ni mama yake mwalimu."

Watoto hamsini na wawili wakageukia mlangoni. Hakuna aliyeitikia. Mikono ilianza kunyooshwa, ikasita, ikarudi chini mmoja mmoja. Msichana wa dawati la mbele, yule mwenye mwandiko mzuri, akainuka.

"Mwalimu, tumnyooshee nani?" akauliza. "Mbona hayupo?"