Miti Wameiacha, Njia Wameikata

…lakini huo si mchoro wake, Kui aliukodolea macho ukuta wa ukumbi wa kanisa pale Thika, ambapo Injinia Khisa, bosi wake, alikuwa akiwaonyesha wananchi picha ya mtaa mpya wa katikati ya mji, akautafuta upana aliouchora yeye mwenyewe, njia ya miguu ya kutosha watu watatu kutembea sambamba wakipiga stori, na mama aliyebeba mtoto awapite bila kuomba nafasi, asiuone, akaona kipande chembamba kama mshipi kimebanwa kati ya maduka na msururu wa magari yaliyoegeshwa, miti wameiacha, viti wameviacha, hata yule msichana wa kuchorwa anayecheka na mwavuli wake wamemwacha, ili picha ipendeze, lakini njia yenyewe wameikata, na jana jioni alitoka ofisini ikiwa nzima, hakuna aliyempigia simu, hakuna aliyemwambia hata kwa ujumbe… "tumeboresha kidogo baada ya kusikiza wadau," Injinia alikuwa akisema kwa ile sauti yake ya taratibu, wadau, wadau gani, wadau ni Dalmas pale mstari wa mbele, mwenye jumba la viatu, aliyesema wiki iliyopita kwamba mteja asipopata parking atahama, na watu wazima wakaitikia kwa vichwa, kana kwamba kuna mtu aliwahi kuingia duka la viatu akiwa ndani ya gari, wote huingia kwa miguu, Dalmas, ndiyo maana unawauzia viatu… akajikaza asicheke, maana kicheko kile kingetoka na machozi, na Baba alikuwa kule nyuma karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti, Mzee Gachanja wa Kiganjo, mtaa wa hapa hapa Thika, na ni yeye Kui aliyempigia simu akamwambia, Baba, kuja uone kazi yangu, akaja na kofia yake ya harusi, na sasa alikuwa akiitazama ile picha kwa makini, akiamini kila mstari ni wa binti yake. Tangu apate stroke, kiharusi kile cha mguu, daktari alimwambia dawa yake ni kutembea, akatembea, kila asubuhi kutoka nyumbani mpaka mjini kunywa chai na Macharia, rafiki yake wa tangu kiwandani, mpaka siku ile alipokuta magari yamepanda pale pa kupitia watu, akashuka barabarani kwa sababu hakuwa na pengine pa kuweka mguu, kioo cha pembeni cha gari, Probox, kikampiga kiwiko, akaanguka mtaroni, na dereva akasimama, si kumwinua, kumwuliza, "Mzee, kwani hujui barabara ni ya magari?" na Baba, mdomo umejaa tope, Baba aliyelea watoto watano kwa mashine za kiwanda, akasema, "Samahani, kijana," hilo ndilo Kui hakuweza kulimeza mpaka leo, si kiwiko, kiwiko kilipona, ni ile samahani, maana tangu hapo hajatoka getini ila leo alipoitwa, chai anainywa peke yake, mguu unakauka kitini… "kama tulivyofanya Ruiru," Injinia akaendelea, na Kui anaishi Ruiru, mtaa wa Gitothua, anaijua hiyo Ruiru ya Injinia, asubuhi watoto wa shule wanabanana na malori kwa sababu pale palipopakwa rangi nzuri pawe pa kupitia wao pamelala magari ya watu wengine, na bado picha ya mtaa huo imetundikwa kwenye ukuta wa ofisi kama mfano… "na aliyechora yuko hapa, Kui wetu, atawaeleza mwenyewe nikimaliza," watu wakageuka kumwangalia, Baba akainua kofia kidogo, na Kui akajikuta akipanga maneno, kwa heshima zote, Injinia, pengine kumekuwa na kutoelewana, pengine tungeweza kuangalia upya, samahani kwa kuingilia… samahani, akalisikia lile neno kichwani, akalijua lilikotoka, akaona kwamba yeye pia yuko chini mtaroni na anamwomba dereva radhi, na aibu ikamwishia papo hapo, kazi wataichukua, sawa, kazi zipo, atasema huu mchoro si wangu, wangu ulikatwa jana usiku, ulizeni na nani, ulizeni kwa ajili ya nani, na babangu yule pale atapita wapi, atasema hivyo, kwa Kiswahili chepesi, akimtazama Dalmas… Injinia alikuwa bado anaongea, sasa juu ya taa, picha ilikuwa ile ile ukutani, maikrofoni ilikuwa bado mkononi mwake, na Kui hakuwa akitafuta tena maneno ya adabu, alikuwa anaingoja tu ifike.