Dole Gumba la Mwenyekiti

Mgeni aliingia bila kubisha, wakati Josphat amesimama juu ya kitanda akieleza kwa nini umoja uvunjwe siku hiyo hiyo.

Chumba kilikuwa cha Swalha, ghorofa ya nne, mtaa wa Sanyuanli, Uchina. Kila Jumatatu asubuhi kiligeuka ofisi. Watu kumi na mmoja, Watanzania na Wakenya, walibanana kitandani, sakafuni na juu ya marobota ya ndala. Kwa miaka miwili walikuwa wakijaza kontena moja kwa pamoja, kwa kuwa hakuna aliyeweza kujaza lake peke yake. Swalha, aliyekuwa mwalimu wa shule huko Unguja, ndiye waliyemchagua kuwa mwenyekiti. Sasa ilikuwa Septemba 1999. Jiji lilikuwa likisafishwa kwa sherehe za taifa, viwanda vya serikali vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, na kila wiki polisi walipita wakikagua pasipoti. Nusu ya wanachama walitaka kila mtu abebe msalaba wake.

Mgeni alikuwa mwanamke wa Kichina wa miaka hamsini hivi. Mikono ya shati lake ilikuwa imefunikwa kwa vifuko vya kitambaa cha buluu, kama wavaavyo watu wa viwandani. Alihema kwa ajili ya ngazi.

"Nani laoban hapa?" aliuliza. Bosi ni nani.

Wote walimwonyesha Swalha, hata Josphat, ambaye alikuwa ametoka kusema kwamba umoja hauna bosi.

Gharib, katibu, alikuwa amesoma Kichina chuoni miaka mitatu. Alimsikiliza yule mama, na uso wake ukabadilika.

"Anaitwa Bi Liang. Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kile kiwanda cha masufuria tulikopanga ghala. Kiwanda kimefungwa. Leo saa kumi alasiri lango linatiwa lakiri. Kitakachobaki ndani kitahesabiwa mali ya kiwanda."

Sihaba, muuza chupa za chai kutoka Temeke, alikuwa tayari anatafuta viatu vyake. "Mimi nakodi baiskeli ya magurudumu matatu. Natoa changu."

"Kaa, Sihaba," alisema Swalha. "Watu kumi na mmoja wakikimbilia lango moja, kitatoka nini?"

"Na wapagazi wetu wa siku zote je?" aliuliza Sihaba.

"Wamekimbia ukaguzi," Gharib alitafsiri. "Lakini yeye ana wanawake sita, wote wameachishwa kazi kiwandani. Wanataka ujira ule ule wa wapagazi. Na barua."

"Barua gani?"

"Ofisi ya mtaa itawaandikisha kama kikundi cha kazi iwapo mtu atathibitisha kwamba wamemfanyia kazi vizuri. Mwisho wa kupokea ni leo. Kila waliyemwomba amekataa."

Josphat alishuka kitandani. "Mwenyekiti, sikiza. Sisi wenyewe hatuna karatasi. Umoja huu haujulikani hata na paka wa hii nyumba. Ukiandika barua, umewashika polisi mkono ukawaleta hapa."

Swalha aliangalia vile vifuko vya buluu. Vilikuwa vimetiwa viraka vidogo, vilivyoshonwa kwa uangalifu mkubwa. Mtu aliyekosa kazi alikuwa amevivaa asubuhi ile kuja kuomba kazi.

"Mwambie ataipata," alisema. "Leo leo."

Kisha aliinuka, na kama zamani darasani, chumba kikanyamaza.

"Gharib, nenda kwa wakala, mwambie kontena la Alhamisi tunalitaka sasa. Sihaba, kusanya orodha za mizigo. Josphat, wewe unayejua kupiga kelele, niletee lori."

"Na umoja tunauvunja lini?"

"Kesho. Leo nina kazi nao."

Josphat alicheka bila kupenda, akatoka mbio.

Saa saba kontena lilikuwa limefika uani mwa kiwanda, milango wazi. Wanachama walianza kubeba kama walivyozoea, kila mtu na boksi lake, wakigongana. Bi Liang aliwatazama kidogo, akapiga kofi mara mbili. Wanawake sita wakajipanga mstari kutoka ghalani mpaka kontenani, na kila baada ya mwanamke mmoja Bi Liang akasimamisha Mwafrika mmoja au wawili. Hakuna tena aliyetembea. Maboksi ndiyo yaliyotembea, mkono kwa mkono, huku wanawake wakihesabu kwa sauti moja.

Bi Liang mwenyewe aliingia ndani ya kontena. Vizito chini, vyepesi juu. Ndala zilisukumwa kwenye mapengo ambayo kwa miaka miwili walikuwa wameyasafirisha matupu hadi Mombasa na Dar es Salaam.

"Kumbe tulikuwa tunalipia nauli ya hewa," alisema Josphat, jasho likimtiririka.

"Pokea boksi, wacha hotuba," alijibu Sihaba. Alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa Kichina pamoja na jirani yake, akikosea saba kila mara, na yule jirani akimsahihisha kwa kumpiga kiwiko. Swalha alikuwa katikati ya mstari. Mikono ilimuuma, na hakukumbuka lini aliwahi kufurahi namna ile. Mzigo wa mtu haukujulikana tena ni wa nani. Lililojulikana ni kwamba unaingia.

Saa tisa na nusu milango ya kontena ilifungwa, na mlinzi mwenye utepe mwekundu mkononi akasimama mbele ya lori.

"Karatasi ya kutolea mzigo. Yenye muhuri."

Swalha alikuwa amejiandaa. Alitoa muhuri wa umoja, uliochongwa Kariakoo, wa pembe nne, tarehe katikati, wino wa zambarau. Nyumbani muhuri ule ungefungua ofisi yoyote. Aliugonga kwenye karatasi kwa fahari.

Mlinzi aliitazama karatasi, akaigeuza, akacheka. Gharib alitafsiri taratibu: "Anasema muhuri ni wa duara na ni mwekundu. Huu anasema ni wa kuchezea watoto."

Bi Liang alimsogelea yule mlinzi. Hakupaza sauti.

"Anamwambia yeye ndiye aliyemfundisha kazi ya tanuri," alinong'ona Gharib. "Anamuuliza, lango likishafungwa, kesho atalinda nini."

Mlinzi alimrudishia Swalha karatasi yake. Kisha akainua chuma cha lango.

Lori lilipokata kona, Josphat alimnyanyua Gharib juu juu. "Umoja huu hauvunjiki," alisema. "Angalau leo."

"Sasa barua," alisema Swalha.

Josphat akamweka Gharib chini.

"Dada," Josphat alisema kwa upole, "waongeze kitu kidogo waende. Wataelewa. Viza yako imebakisha siku tisa. Ukionekana, hawaiongezi."

"Najua zimebaki ngapi. Na sikuwaahidi kitu kidogo."

Alikaa juu ya sufuria lililopinduliwa, akaandika. Jina la umoja hakulitaja. Aliandika kwamba wanawake saba wamemfanyia kazi yeye, kwa bidii na utaalamu, akaweka jina lake na namba ya pasipoti. Gharib aliongeza tafsiri ya Kichina kwenye karatasi ile ile.

Ofisi ya mtaa ilikuwa karibu kufunga. Karani, kijana wa miwani, aliisoma barua mara mbili.

"Muhuri?"

"Sina."

Akamsogezea kikopo bapa cha wino mwekundu. "Basi kidole." Kisha akafungua pasipoti, akatua kwenye viza. "Hii ni ya matembezi. Mtalii anaajiri watu saba?" Alimtazama Gharib, kisha Swalha, akashusha sauti. "Nikiipokea, namba hii naipeleka kwa polisi kesho. Ukitaka, ichukue barua yako uende. Mimi sijaiona."

Gharib alitafsiri, akaongeza ya kwake: "Tuondoke, Da Swalha. Nakuomba."

Unguja, jioni baada ya masomo, Swalha alikuwa akiwafundisha kina mama kuandika majina yao, ili wasibonyeze tena dole gumba kwenye karatasi wasizozisoma. Karatasi hii alikuwa ameisoma. Alikuwa ameiandika mwenyewe.

Nje ya kioo wanawake sita walikuwa wameketi kwenye ngazi. Bi Liang alikuwa amesimama, akinyoosha vile vifuko vya buluu, kwanza mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kama mtu anayesubiri kengele ya zamu.

Swalha alichovya kidole gumba. Alikibonyeza chini ya jina lake na kukishikilia hapo kidogo, ili mistari yote itoke.