Nyumba Yenye Mtu

Loise alibandika kiganja ukutani, akakitoa na kukitazama. Kilikuwa cheupe kama cha mwuza unga.

"Itakauka tu, mama," alisema Kizza, fundi wa Kiganda aliyekuwa akiwaonyesha wateja zile nyumba mpya za safu kwenye njia ya Nesitu, nje ya Juba. "Wewe ndiyo mutu ya kwanza kugusa hii ukuta. Hakuna mutu amelala hapa."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Gune, mumewe Loise, yakamkaa moyoni. Alikuwa akiufungua mlango na kuufunga, akiufungua tena na kuufunga, uso umemkunjuka kama mtoto siku ya Krismasi. Kipya kinyemi kingawa kidonda, na Gune alikuwa tayari hata kwa hicho kidonda.

"Nyumba njema si mlango, baba Ketty," Loise alimtania.

"Mimi nataka mlango moja tu ambayo mutu mwingine hajafunga mbele yangu. Ni vibaya?"

Haikuwa vibaya, na Loise alijua. Miaka yote ya ukimbizini Uganda walilala kwenye nyumba za kuazimwa, juu ya ardhi ya watu. Sasa amani ilikuwa na mwaka wa tatu, na akiba yao ingetosha nyumba moja, basi. Wakikosea, hapakuwa na ya pili.

"Si vibaya. Lakini tulisema tutaona zote."

Kazi yake Loise ilikuwa kurekebisha mitumba pale soko la Konyo Konyo, kupunguza kiuno hapa, kuongeza pindo pale. Nguo mpya hukuficha tabia yake mpaka uifue. Kuukuu imekwisha kusinyaa, imekwisha kuchuja, na pa kuchanika pameshaonekana. Hakumwambia Gune hayo. Alishayasikia mara nyingi, masikini.

Nyumba ya pili ilikuwa karibu na soko, katika safu ya matofali iliyojengewa makarani wa serikali zamani. Mwenyewe, mama mzee aitwaye Juliet, alikuwa anahamia Yei kwa mwanawe kwa sababu miguu ilimkataa.

"Faddal, ingieni," aliwakaribisha, akaanza kuisema vibaya nyumba yake kabla hawajauliza. Bati la jikoni linavuja. Dirisha lile halifungi mpaka ulipige ngumi.

Loise hakumsikia vizuri. Sakafu ilikuwa imetoka kunyunyiziwa maji, na harufu ya vumbi lililolowa ikamrudisha Juba ya utotoni, kabla ya mbio za vita, mama yake akifagia huku anaimba na yeye Loise akifukuzwa asikanyage palipolowa. Ukuta wa jikoni ulikuwa mweusi kwa moshi wa miaka na miaka. Aliitaka nyumba hii. Aliitaka hata akaogopa kumtazama mumewe.

Kisha wakatoka uani. Chini ya mwarobaini palikuwa na saruji iliyoinuka kidogo, ndefu, imefagiwa.

"Mzee yangu iko hapa," alisema mama Juliet, kama mtu anayetambulisha wageni. "Nyumba nauza. Yeye siwezi kubeba. Naomba kitu moja tu, mtoto yangu. Hapana chimba hapa. Na mimi nikikuja kusalimia, munifungulie."

Gune alirudi nyuma hatua. Loise akasema moyoni, kalas, imekwisha. Mtu asiyetaka mlango uliofungwa na mwingine ataupokeaje ua ambao mwingine amelala ndani yake? Kwao wafu huzikwa nyumbani, na penye kaburi pana mwenyewe.

Loise akaikumbuka asubuhi waliyoondoka Uganda, lori linaunguruma, watu wanamwita, naye Gune amesimama mbele ya Eriya, Mganda mwenye shamba walilokuwa wamekaa. Alikuwa akimwonyesha mahali pembeni mwa mihogo, alipomzika mama yake. "Hapa usilime," alimwomba. Eriya akamjibu, "Sitalima." Gune akapanda lori, na tangu siku hiyo hakulitaja tena jambo hilo.

Loise angeweza kumkumbusha sasa. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, kwa kuwa mambo mengine humfukulii mwanamume mbele ya watu.

"Aliitwa nani?" Gune aliuliza.

"Robinson."

"Alikuwa mutu namna gani?"

"Asubuhi alikuwa anapenda kimya," alisema mama Juliet. "Jioni, hapo unaweza kumupatia habari."

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Gune akavua kofia, akachuchumaa, akaondoa majani mawili matatu juu ya saruji. Kisha akaanza kujitambulisha kama afanyavyo mgeni mlangoni: jina lake, jina la baba yake, la babu yake. Alipofika kwa mama yake akanyamaza, na kofia ikawa inazunguka mikononi mwake.

Mama Juliet alimngoja.

"Sema tu," alimwambia taratibu. "Yeye iko na nafasi ya kusikia."

Gune akalitaja jina la mama yake.