Chini ya Ungo wa Mama Yunisi

Scola alikuwa akijisifu tangu juzi, na usimlaumu, ukuta ulikuwa umependeza kweli. Mama mkwe wake, Mama Yunisi, alikuwa amepelekwa Dodoma kutolewa mtoto wa jicho, naye Scola alipobaki peke yake pale Kintinku akaona nafasi ndiyo hiyo. Alikanyaga udongo mwekundu, akauchanganya na samadi, akang'oa vigingi vyote ukutani, akatoa jembe, akatoa ungo, kisha akausiliba upande wote wa bustani mpaka ukawa laini. Alitaka mama akirudi na jicho lake, kitu cha kwanza kukiona kiwe kazi ya mkwe wake.

Maana, tuseme ukweli, miaka mitatu tangu aolewe na Raymond hakuwa na hakika kama mama anampenda. Hakugombezwa hata siku moja. Ila kila asubuhi mama alimshika bega, wakaizunguka bustani pole pole, na maneno yote matamu yakaenda kwa wadudu. Jongoo akiwa njiani, Scola alitumwa ambebe kwa jani ampeleke kwenye mchicha. Mbawakawa aliyelala chali aliinuliwa na kupewa pole. Mzunguko uliishia ukutani, chini ya ungo, mahali ambapo nyuki wadogo wasiouma walikuwa wamejenga ndani ya udongo na kuchomoza kijimrija cha nta, chembamba sana. Mama aliweka sikio pale akatabasamu.

"Mmeamkaje, wanangu?"

Scola alisimama pembeni na bega lake, kama fimbo ya kutembelea.

Alhamisi jioni Raymond akapiga simu. Bandeji imefunguliwa, mama anaona, kesho mchana wako nyumbani.

"Amesema nini?" Scola akauliza.

"Anataka awaone nyuki wake. Tangu asubuhi ni hilo hilo tu, mpaka nesi anacheka."

Scola akageuka kuutazama ukuta. Ungo haupo, vigingi havipo, ni udongo mtupu kutoka kona hadi kona. Alikuwa amewazika wakiwa hai, na hakukumbuka hata ni wapi.

Alfajiri alianza kuchimba kwa mwiba wa mgunga. Akatoboa hapa, akatoboa pale, akaweka sikio, kimya. Jua lilipotoka, ule ukuta wa kujivunia ulikuwa kama umeugua tetekuwanga. Juu ya hayo, vijinzi vikaanza kumsumbua usoni. Akavipunga mara ya kwanza, akavipunga mara ya pili, mara ya tatu mkono ukabaki hewani. Havikuwa vijinzi. Mmoja alikuwa na unga wa njano miguuni, unga wa maua ya maboga.

Ni wale waliokuwa nje siku mlango ulipozibwa. Walikuwa bado wanatafuta pa kuingilia.

Basi Scola akakaa chini, akatulia. Wakamwingia kwenye nywele, wakamtambaa shingoni, asiwaguse. Kwa mara ya kwanza akawatazama sawasawa: weusi, wadogo kama punje za uwele, na kila mmoja akiondoka kwake alirudi kuelea mbele ya sehemu moja ya ukuta, shibiri moja juu ya mahali alipokuwa akihangaika. Akaenda pale, akaubandua udongo kidogo kidogo kwa ncha ya mwiba mpaka akaona nta. Mrija ulikuwa umepondeka. Nyuki saba wakadondoka wamekufa, akawafukia chini ya boga. Kisha akaweka sikio, na mbali huko ndani akasikia mvumo, mdogo sana. Akalia. Alilia kwa furaha na kwa aibu, vyote pamoja. Punde nyuki mmoja akatoka amebeba chembe ya udongo, akaitupa, akarudi ndani kuleta nyingine.

Alikuwa bado hajaoga mama alipofika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, niliwaziba nyuki. Nilisiliba ukuta nikasahau kuwa wapo. Wengine wamekufa. Nimewafungulia, lakini mlango wao nimeuvunja." Aliyasema yote kwa pumzi moja, kabla hata ya kumpokea mzigo.

Raymond aliutazama ukuta, akautua mzigo chini. Mama Yunisi alikuja taratibu. Kwa mazoea Scola akamwinamishia bega, lakini mama hakulishika. Hapo Scola akajua mambo yameharibika.

Mama alikishika kidevu cha Scola kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga.

"Nyuki ni pale, mama, pale kwenye..."

"Nimesikia. Watajenga mlango mwingine, hao hawachoki. Wewe tulia nikuone. Miaka mitatu nimeshika bega hili, mwenye bega simjui sura."

Nyuki mmoja alikuwa akitambaa kwenye unyusi wa Scola. Scola akainua mkono amtoe.

"Mwache," mama akasema. Akasogea zaidi, akakaza jicho lake jipya. "Kumbe una alama hapa shavuni."

"Ni udongo, mama."

Mama Yunisi akailowesha ncha ya kanga kwa mate, akaanza kuufuta, taratibu, na hakuacha mpaka alipouona uso wote.