Jina la Ndani, Jina la Langoni

Kicheko ndicho kilichomfikia kwanza. Calvince alikuwa bado nyuma ya pazia la jukwaa, akinyoosha tai, aliposikia ukumbi mzima ukiangua kicheko. Akadhani mchungaji amechomeka mzaha katika maombi ya kuibariki seva. Akalivuta pazia akitabasamu, tayari kupigiwa makofi.

Walikuwa wanamcheka yeye.

Ilikuwa siku ya kuzindua tovuti ya wafugaji samaki wa vizimba, katika ukumbi wa kukodi mjini Kisumu. Maandalizi yalikuwa kamili. Kulikuwa na fulana, na kamati ya fulana, na utepe mwekundu uliofungwa kuizunguka laptopu ili mgeni wa heshima aukate. Mgeni wa heshima mwenyewe alihutubu kwa kirefu kuhusu mapinduzi ya kidijitali, huku msaidizi akimshikia simu asiyojua kuifungua. Kilichokosekana ni samaki tu. Kila mwanachama aliyeifungua tovuti kwenye simu yake aliona jina lake, aliona bei yake, na pale penye picha ya ngege wake, samaki anayewafuga, aliona kisanduku cheupe kisicho na kitu.

"Wangu ametoroka na kizimba," mzee mmoja alisema.

"Afadhali wako ametoroka. Wangu amepaa mbinguni."

Calvince aliitazama laptopu yake. Ngege wote walikuwepo, wanono, wanang'aa. Alikuwa amejifundisha kazi hii ya kutengeneza tovuti peke yake, bila kuomba msaada wa mtu, na hakuona sababu ya kuanza kujishuku hadharani.

"Tovuti iko sawa," akatangaza. "Shida ni simu zenu."

Mama mmoja wa safu ya mbele akainua yake. "Hii ni mpya, kijana wangu. Nimenunuliwa juzi."

"Simu inaweza kuwa mpya, mama, mwenye simu akawa wa zamani."

Mama yule akairudisha simu mkobani taratibu, akaufunga mkoba. Mwenyekiti, Mzee Obiero, akakohoa na kutazama dari.

Kikohozi kile kilipaswa kumtisha Calvince, maana Obiero ndiye baba yake Debra, mchumba wake, na Jumamosi ile Calvince alitarajiwa Katito kujitambulisha ukweni. Debra ni wa nyumba ya pili, na alikwisha kumweleza utaratibu wa boma lao: Mzee huzungumza, lakini anayeamua ni mikayi, mke wa kwanza. "Mikayi akikukubali, umeoa. Akikukataa, maliza soda yako urudi Kisumu." Calvince hakuwahi kumwona mikayi, lakini alijua kwamba hunywa chai bila sukari, nyumba yake iko upande gani ukiingia, na kiti gani hakikaliwi na mwingine.

Kuhusu tovuti hakuwa na wasiwasi. Picha alikuwa ameziweka nje ya folda ya tovuti, kwenye diski nyingine, kisha akaiambia programu ya tovuti: nikisema "picha", maana yake ni kule. Programu ilikwenda kule, ikazikuta, ikazipunguza ukubwa, ikarudi bila kulalamika. Kwa hiyo kosa ni la simu. Kila asubuhi alirudia hoja hiyo, na kila asubuhi akajishinda mwenyewe kwa kura zote.

Jumamosi akashuka Katito, suti imepigwa pasi, laptopu begani, kwa kuwa mtaalamu haendi ukweni akionekana kama mtu wa kawaida.

"Nipeleke kwa Mzee Obiero," akamwambia mwendesha boda. "Nyumbani kwa mikayi."

"Obiero yupi? Njia hii yote ni Obiero."

"Yule ambaye nyumba ya mikayi ina mabati ya kijani, kulia ukishapita lango."

"Bwana, mimi niko barabarani. Hayo ya ukishapita lango yatanisaidia nini? Na kila boma lina mikayi. Hilo ni jina la kule ndani. Huku nje mama huyo anaitwaje?"

Jina hilo Calvince hakuwahi kuliuliza. Akampigia Debra.

"Ni Aloo," Debra akasema. "Aloo Nyar Sondu, binti wa Sondu, yule wa vizimba. Kwani hukumwona ukumbini? Alikaa safu ya mbele. Alirudi kimya, hatujui amepatwa na nini."

Calvince akailegeza tai. Kwanza aliuona ule mkoba ukifungwa. Kisha, akiwa bado ameshika simu sikioni, akaiona seva. "Picha" ilikuwa kama "mikayi": jina la ndani, linalomfaa aliyekwisha kuingia. Programu iko ndani, ndiyo maana ilifika. Lakini simu ya mtu haiingii. Husimama barabarani na kumuuliza bawabu, ile seva ya wavuti inayopokea wageni, na bawabu huyo hakuwahi kuambiwa habari ya "picha" yoyote. Kwenye laptopu yake, yenye nakala yake ya tovuti, Calvince alikuwa amewaambia wote wawili, programu na bawabu, zamani. Kwenye seva ya kukodi alimwambia mmoja, akaenda kununua tai.

Akaketi kwenye benchi la steji, akafungua laptopu, akaandika mstari mmoja: atakayeulizia "picha" langoni, aelekezwe kule. Mwendesha boda akaifungua tovuti kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Ngege wakajaa.

"Wanono," akasema. "Haya, twende kwa Aloo. Huyo nakupeleka nimefumba macho."

Aloo alikuwa kwenye kiti kile kisichokaliwa na mwingine. Simu yake ilikuwa mezani, na ngege wake ameenea kioo kizima. Obiero, mtu anayependa amani, hasa chini ya paa lake, akamfungulia kijana mlango wa kutokea.

"Naona tovuti imetengemaa. Siku ile mtandao ulikuwa chini, au siyo?"

Ulikuwa mlango mpana, na wataalamu wengi wamepitia hapo bila tai kupinda. Debra alimkazia macho. Aloo alikoroga chai isiyo na sukari.

"Mtandao ulikuwa sawa, Mzee," Calvince akasema.

"Basi ni simu," Aloo akasema. "Au ni mwenye simu?"

"Ni mimi, mama. Niliacha kazi nusu, nikakutukana wewe kwa nusu iliyobaki." Akasimama, kwa sababu maneno hayo yalikataa kutoka akiwa ameketi. "Mkutano ujao wa wanachama nitapanda jukwaa lile lile. Nitalitaja kosa langu, na nitakuomba radhi kwa jina lako, Aloo Nyar Sondu, kwa kipaza sauti, hata kama mgeni wa heshima atakuwepo."